Bei ya Nyumba Yenye Upepo

Robine ya uani ilikohoa mara mbili, ikanyamaza, kisha ikaanza kutema maji ndani ya ndoo.

Giza lilikuwa bado. Katika mtaa wao pale Shituru, mjini Likasi, maji ya bomba yalikuja wakati watu wamelala. Mama mwenye usingizi mzito alishinda na ndoo tupu. Mayimuna hakuwa na usingizi mzito. Usiku huo hakuwa na usingizi wowote.

Ndoo ya kwanza aliipeleka kwenye ua wa jirani, mama mzee ambaye magoti yalimsumbua. Aliiweka mlangoni, akaifunika, akarudi bila kubisha. Alifanya hivyo kila maji yalipokuja, na hakuna aliyemwomba.

Aliporudi ndani, joto lilimpiga usoni kama mtu aliyefunua sufuria. Husna, binti yao, alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na mlango ili apate hewa. Assani, mume wake, alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, anajipepea kwa kofia yake.

"Weye hukulala?" Mayimuna aliuliza.

"Nitalala namna gani? Hii nyumba inachoma sawa tanuru ya matofali."

"Weye njo ulifunga klostra."

"Ricky njo alisema nifunge!"

"Ricky iko analala kwake, Assani. Na kwake klostra iko wazi."

Assani alicheka bila kutaka. Kisha akaacha kucheka, akatazama simu yake tena. Tangu alipofika jana alikuwa anaitazama simu hiyo kila mara, kama mtu anayengoja habari ya mgonjwa.

Klostra ni matofali yenye matundu. Mafundi wa zamani waliyajenga juu ya kuta, karibu na dari, ili hewa ya moto itoke. Nyumba hii ilikuwa na klostra katika kila chumba. Ilikuwa nyumba ya zamani ya kampuni, yenye kuta nene, paa pana na baraza mbele. Baba yake Assani aliinunua alipomaliza kazi. Assani alizaliwa humo, na Husna pia.

Sasa walitaka kuiuza, na sababu yao ilikuwa nzuri. Assani alikuwa shofere wa lori huko Kolwezi. Alikuja Likasi mara chache, Ijumaa usiku, akaondoka Jumapili. Mtoto wao mdogo, Yunus, alikuwa amezoea kumwita "baba wa simu". Mara ya kwanza watu walicheka. Siku hizi hakuna aliyecheka tena.

Huko Kolwezi walipata nyumba ndogo. Mwenye nyumba, mjane mmoja, alitaka dola elfu kumi na nane. Alikuwa mtu mwema. Aliahidi kuwangojea hadi mwisho wa mwezi, ingawa wengine walikuwa tayari kulipa. Wakiuza nyumba ya Likasi kwa bei hiyo, familia italala chini ya paa moja. Wakikosa, Assani atabaki kwenye chumba cha kupanga, na Yunus ataendelea kuwa na baba wa simu.

Mwezi ulikuwa Oktoba, jua kali, mvua bado. Na mwezi wenyewe ulikuwa unakwisha.

Mtu wa kuwatafutia mnunuzi alikuwa Ricky. Ricky alikuwa dalali, kazi ambayo Likasi wanaiita komisioneri. Alikuwa kijana mcheshi, mwenye viatu vinavyong'aa na simu mbili. Mara ya kwanza alipoiona nyumba alitikisa kichwa.

"Papa Assani, bantu ba leo banataka moderne," alisema. "Hii matundu ni ya wakati wa bakoloni. Funga! Weka plafo ya plastiki, ishuke chini. Ule muti wa avoka, kata. Uani, mwaga simenti. Muntu akiingia aseme: voilà, villa!"

Assani alimsikiliza. Alinunua simenti, akaziba klostra za sebule na za vyumba. Akaweka dari ya plastiki sebuleni, chini ya dari ya zamani. Pesa ziliisha kabla ya kufika kwenye ule mti wa parachichi, na hiyo ilikuwa bahati.

Mnunuzi wa kwanza alikuja mchana. Alikaa sebuleni muda mfupi tu. Jasho lilimtoka mpaka akajifuta kwa tai yake. Aliuliza kama kuna klima, ile mashine ya kupoza hewa. Hakuna. Aliuliza umeme unakatika mara ngapi. Mara nyingi. Alisema atatoa dola elfu kumi na nne, akatoka nje haraka kuliko alivyoingia.

Tangu siku hiyo Mayimuna hakutulia. Alifagia uani, akafagia tena. Alifungua madirisha, akayafunga, akayafungua. Alimwuliza Assani kwa simu, "Tufanye nini?" Assani naye akamwuliza yeye, "Tufanye nini?"

Jumamosi hiyo, jua lilipokuwa limepanda, Ricky alifika na mnunuzi wa pili. Alikuwa mwanamume mpole wa makamo, jina lake Fidèle, muuguzi katika kituo cha afya. Alipanga nyumba katika mtaa wa Panda pamoja na mama yake.

"Mama yangu iko na tansyo," Fidèle alisema. Alitaka kusema shinikizo la damu. "Kule tunapoishi nyumba ni ya chini, bati juu ya kichwa. Joto inamumaliza. Natafuta nyumba yenye hewa."

Mayimuna alisikia neno hilo, hewa, akatazama juu penye simenti mpya.

Ricky alitabasamu. Alitoa karatasi kutoka kwenye bahasha, akaiweka mezani kwa mikono miwili, kama mtu anayeandaa chakula cha wageni.

"Sertifika," alisema. "Hii nyumba ilipimwa. Ni nyumba ya ekolojia. Haipoteze maji, haipoteze courant ya umeme. Kwa hiyo bei yake ni elfu makumi mbili na tano."

Karatasi ilikuwa na maandishi ya kijani na muhuri wa duara. Assani alikuwa ameiona asubuhi hiyo, na Ricky alikuwa amemwambia, "Usiwe na woga, ni ya kupendeza macho tu." Assani alikuwa amenyamaza. Mayimuna ndiyo kwanza alikuwa anaiona.

Fidèle aliisoma polepole, hadi mwisho.

"Balikuya lini kupima?" aliuliza.

"Mwezi uliopita," Ricky alijibu.

"Walikuwa banani?"

"Bantu ba Lubumbashi. Bataalamu."

"Bien. Balipima nini?"

Ricky aligusa muhuri kwa kidole. Fidèle akamgeukia Assani. "Papa, weye ulikuwa pale. Balipima nini?"

Assani alitazama karatasi. Alitazama mikono yake. Jasho lilimshuka shingoni.

Mayimuna aliyekuwa ameshika sinia ya chai alibaki amesimama nayo.

Fidèle aliikunja karatasi vizuri. Husna na Yunus walikuwa mlangoni wanachungulia, kwa hiyo hakupaza sauti. Aliiweka mkononi mwa Assani, akasema taratibu, "Papa, minye sikatae nyumba yako. Lakini kama juu ya karatasi iko uongo, na chini ya msingi nitajua iko nini?" Akamshukuru Mayimuna kwa chai ambayo hakuinywa, akaondoka. Ricky akamfuata mbio, viatu vinavyong'aa vikipata vumbi.

Ndani, hakuna aliyekaa.

"Ulijua?" Mayimuna aliuliza.

"Nilijua asubuhi."

"Na ukanyamaza."

"Minye nafanya hii kwa ajili ya nani?" Assani alipaza sauti. "Nalala peke yangu kule, nakula mukate na chai! Nilisema labda kama karatasi itasaidia..."

"Karatasi ilitufukuzia muntu muzuri!"

Wakati huo mtu alibisha kwenye geti. Alikuwa Émérence, binti wa jirani yule mzee. Émérence alifanya kazi na wajenzi wa majumba huko Lubumbashi na alikuja kumwona mama yake kila alipopata nafasi. Mkononi alikuwa na ndoo ya Mayimuna. Ndani ya ndoo aliweka mapapai mawili.

"Mama ananituma nirudishe," alisema. "Anasema hajapata kuisikia ndoo ikifika, anaiona tu." Kisha aliwatazama usoni, mmoja baada ya mwingine. "Nikuye baadaye?"

"Ingia, dada," Mayimuna alisema. "Ukuye tu. Sisi tumeungua tayari."

Émérence aliingia sebuleni. Alisimama katikati, akainua uso, akatazama pale ambapo klostra zilikuwa. Hakucheka.

"Nani alifunga?"

"Minye," Assani alisema. "Na uniache, nimeshatukanwa ya leo."

"Sitakutukana, yaya, kaka yangu. Ku Lubumbashi nimeona bantu wenye pesa mingi wakifanya vile vile. Baadaye wananunua klima tatu." Alikaa kwenye mkono wa kiti. "Nielezeni mulipatwa na nini."

Walimweleza yote: nyumba ya Kolwezi, mjane anayengoja, mnunuzi wa kwanza, karatasi, Fidèle. Assani alimpa ile karatasi. Émérence aliigeuza nyuma, akaigeuza mbele.

"Sertifika za kweli ziko," alisema. "Si uongo kwamba ziko. Mimi nilifanya kazi kwenye jengo moja lililopimwa. Mpimaji hauzi jengo. Hanunui. Hana fungu ndani ya bei. Ndiyo sababu neno lake lina uzito. Anapima jengo linakula umeme kiasi gani, maji kiasi gani, lilijengwa kwa vifaa gani. Anaandika jina lake. Ukitaka kumuuliza, unampata."

"Na bei inapanda?" Assani aliuliza.

"Mahali ambapo wanunuzi wanaijua na kuiamini, inaweza kupanda. Kiasi, yaya. Haibadilishi nyumba ndogo kuwa hoteli. Na kupimisha kuna gharama yake. Kwa nyumba kama hii, hapa ambapo wanunuzi wengi hawajaisikia, labda utalipa zaidi ya utakachopata."

Assani aliinamisha kichwa. "Basi tuko bure."

"Hapana! Unanisikia nusu." Émérence alisimama. Sasa yeye pia hakuweza kukaa. "Kuya huku. Weye ni shofere. Unanunua lori mbili za bei moja. Moja inakunywa mazuti mingi. Utalipa bei moja?"

"Aa, hapana. Ile inakunywa, nitashusha bei."

"Kwa nini?"

"Kwani mazuti yake nitalipa minye, kila siku."

"Voilà. Na nyumba ni vile. Muntu hanunui ukuta tu. Ananunua na miaka yote atakayoishi ndani. Yule wa kwanza aliingia, akasikia joto. Mu kichwa akanunua klima, akalipa courant, akaona courant inakatika na klima inanyamaza. Yote hiyo akaitoa kwenye bei yenu. Hakukosa heshima. Alipiga hesabu yake."

Mayimuna alikaa kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. "Kumbe ile simenti ndiyo ilishusha bei."

"Simenti ya klostra, na plafo ya plastiki. Hewa ya moto inapanda juu. Ilikuwa inatokea kwenye klostra, hewa ya baridi inaingia chini kwa dirisha. Sasa iko inazunguka humu na ninyi." Émérence aliwatoa nje, akawaonyesha nyumba yao kama watu wasioijua. Paa pana lilitia kuta kivuli. Kuta nene zilichelewa kupata moto. Mti wa avoka ulisimama upande wa magharibi, mahali ambapo jua la mchana lingepiga vyumba vya kulala. Udongo wa uani ulikunywa maji ya mvua, wakati simenti ingeyapeleka kwenye msingi na kurudisha joto usoni. Pale kando kulikuwa na tangi kubwa ambalo baba yake Assani aliliunganisha na mabati, na kwenye paa kibao kidogo cha kuvuna umeme wa jua.

"Hii ya jua inafanya nini?" Émérence aliuliza.

"Taa, na simu. Na radio ya Husna," Mayimuna alijibu. "Umeme ukikatika sisi hatujui, mpaka tusikie majirani wanalalamika."

"Na tangi?"

"Iko tupu," Assani alisema haraka. "Tangu mvua iliisha. Lakini naweza kuijaza na maji ya robine, mununuzi aone..."

Mayimuna na Émérence walimtazama pamoja.

"Nilikuwa nasema tu," Assani alisema.

"Sema kweli," Émérence alimwambia. "Sema: inajaa wakati wa mvua, inakauka wakati wa jua. Mvua ya kwanza inaosha vumbi la mabati, hiyo unaimwaga. Inayofuata ni ya kufulia na kumwagilia bustani. Ya kunywa, hapana, mpaka isafishwe. Mununuzi akisikia ubaya kutoka mdomoni mwako, atasadiki na uzuri."

Siku hiyo Assani hakula mchana. Alitafuta nyundo na patasi, akapanda ngazi, akaanza kuvunja simenti yake mwenyewe. Mayimuna aliokota vipande. Émérence aliwakopesha wavu mwembamba kutoka kwa mama yake, ili mbu wasipite kwenye matundu. Walikuwa bado wanafanya kazi wakati Ricky alipotokea getini. Alisimama pale na kofia mkononi.

"Papa, bado umekasirika?"

"Panda hapa ushikilie ngazi," Assani alimjibu. "Nitakukasirikia nikishuka."

Ricky alivua viatu vyake, akaviweka mbali na vumbi, akaishikilia ngazi hadi kazi ikaisha. Dari ya plastiki waliitoa wote wanne. Ilipoanguka, hewa ya sebule ilisogea. Yunus aliinua mikono juu, akasema, "Mama, upepo unaingia!"

Kesho yake Assani alipaswa kurudi Kolwezi. Lakini kwanza, yeye na Mayimuna walikwenda Panda. Njiani Assani alisimama mara kwa mara.

"Atatufukuza."

"Atufukuze. Tutakuwa tumesema."

"Nitaanzaje?"

"Anza na neno la kwanza. Lingine litafuata."

Fidèle aliwakaribisha, ingawa uso wake ulikuwa mgumu. Kwenye kona alikaa mama mzee mwenye kitenge cha bluu, anajipepea kwa mfuniko wa ndoo. Huyo alikuwa Mama Berthe, mama yake. Kweli nyumba yao ilikuwa ya moto. Mabati yalilia juu ya vichwa vyao kama mtu anayekunja karatasi.

Assani hakukaa. "Papa Fidèle," alisema, "ile karatasi ni ya uongo. Hakuna muntu alikuya kupima. Nilijua, nikanyamaza. Bibi yangu hakujua. Na tena nilikuwa nimeziba klostra zote na simenti. Jana nimezifungua. Sikukuya kukuuzia. Nilikuya kuomba musamaha."

Fidèle alitaka kujibu, lakini mama yake alikuwa wa kwanza.

"Hiyo nyumba iko na klostra?" Mama Berthe aliuliza.

"Iko nayo, mama. Kila chumba."

"Na baraza?"

"Na baraza."

Mama Berthe aliacha kujipepea. "Minye nilikulia mu nyumba ya namna ile. Fidèle, karatasi ni mambo yenu. Minye nataka kwikala mule siku moja, kutoka asubuhi mpaka jua lishuke. Ngozi yangu itasoma joto."

"Mama, hatuwezi kwenda kushinda kwa bantu..."

"Kwa nini?" Mayimuna aliuliza. "Kuya kesho, mama. Nitapika bukari."

Usiku huo Assani alirudi Kolwezi. Asubuhi Mayimuna alifagia, akapanga viti, akavipanga upya. Alimwambia Husna, "Kaa vizuri." Husna alisema, "Mama, minye niko nakaa. Weye njo unazunguka."

Fidèle alimleta mama yake kwa teksi, akaenda kazini. Mama Berthe alikuja na mto wake wa kulalia, maharage ya kuchambua na rozari. Alisalimia, akakaa katikati ya sebule, akavua viatu.

"Sasa funga madirisha," alisema.

Mayimuna alishangaa. "Nifunge?"

"Ndiyo. Nataka kujua, usiku nikifunga kwa sababu ya wezi, kama nitakufa na joto."

Madirisha yalifungwa. Mama Berthe alichambua maharage. Muda ulipita. Mayimuna alisimama mlangoni, akaenda jikoni, akarudi. Mama Berthe aliinua mkono juu, kuelekea kwenye matundu, kama mtu anayengoja tone la mvua.

"Hm," alisema.

"Hm nini, mama?"

"Hm tu. Wacha nichambue."

Adhuhuri umeme ulikatika. Kwa majirani jenereta zilianza kunguruma. Hapa taa ndogo ya jikoni iliendelea kuwaka. Mama Berthe aliona, akatikisa kichwa kidogo. Walikula bukari, ugali wa huko, na mboga ya lengalenga. Kabla ya kula, Mama Berthe alifanya ishara ya msalaba, na Mayimuna akasema bismillahi, na Yunus aliyewatazama wote wawili akafanya yote mawili. Mama Berthe alicheka mpaka akakohoa.

Baada ya chakula mzee alizunguka uani na fimbo yake. Aliligonga tangi. Lililia kama ngoma.

"Iko bure hii!"

"Ndiyo, mama. Mvua haijanyesha. Itajaa, lakini si ya kunywa. Ni ya kufulia." Mayimuna alivuta pumzi. "Na kuya uone kitu kingine." Alimpeleka nyuma ya jiko, akamwonyesha ufa mrefu ukutani. "Huu uko tangu zamani. Émérence, yule jirani anayejua kujenga, aliutazama. Anasema hauko kwenye msingi, lakini fundi lazima aushone."

Mama Berthe aliutazama ufa, kisha akamtazama Mayimuna kwa muda mrefu zaidi.

"Mwanangu, nani alikufundisha kuuza? Bengine banaficha, weye unanionyesha."

"Nimechoka na mambo ya kufichwa, mama. Ile karatasi ilinifanya nisilale."

Mama Berthe aliingia ndani, akaomba madirisha yafunguliwe, akaweka mto wake kwenye kiti kirefu, akalala. Nje jua lilikuwa linapasua mawe. Ndani hewa ilipita polepole, ikitoka dirishani na kupanda kwenye klostra. Mzee alikoroma. Fidèle aliporudi kutoka kazini alimkuta bado amelala, mdomo wazi, uso mkavu. Alisimama mlangoni bila kuvua begi lake.

"Hajawahi kulala mchana," alinong'ona. "Oktoba yote hajalala mchana."

Mazungumzo ya bei yalifanyika jioni hiyo, Assani akiwa kwenye simu na Ricky akiwa ameitwa. Fidèle alianza na kumi na sita na nusu. Assani akasema kumi na tisa. Ricky alitaka kusema neno, Mayimuna akamtazama, naye akalimeza.

"Papa Assani," Fidèle alisema, "yule wa kwanza alikupa ngapi?"

Assani hakuficha. "Kumi na nne. Klostra zilikuwa zimefungwa."

"Asante kwa kusema. Minye ningeweza kukupa vile vile." Fidèle alimtazama mama yake ambaye sasa alikuwa anatafuta viatu vyake. "Lakini hapa sitanunua klima. Sitanunua jenereta ya taa. Na mama atalala. Kutengeneza ufa itakuwa juu yangu. Nakupa kumi na nane."

Mayimuna alishika ukingo wa meza. Kumi na nane. Kwenye simu Assani alianza kucheka badala ya kujibu. Husna ndiye aliyeichukua simu na kusema, "Baba anakubali! Minye najua sauti yake!"

Waliandikiana mbele ya ofisi ya mtaa na mashahidi, kila kitu wazi, pamoja na ufa. Ricky alipata haki yake ya udalali kutoka kwenye mshahara wa Assani, maana kweli ndiye aliyemleta Fidèle. Ile karatasi yenye muhuri aliichana mwenyewe. Tangu hapo watu walianza kumcheka, kwa sababu aliwapeleka wanunuzi kwenye nyumba adhuhuri, jua likiwa kali kabisa. "Kaa kwanza," aliwaambia. "Ngozi isome." Na mtu akimwambia ana sertifika, Ricky alimuuliza, "Nani alipima? Nipe simu yake."

Mvua zilipokuwa zimeshika, Mayimuna alirudi Likasi siku moja na watoto, kuchukua vyeti vya shule. Alipita kwenye nyumba. Tangi lilikuwa limejaa mpaka mdomoni. Ufa ulikuwa umeshonwa. Jirani mzee alikuwa amekaa barazani na Mama Berthe, na ndoo tupu aliyokuja kuirudisha ilikuwa kando ya kiti.

"Ya maji anaileta Fidèle sasa," jirani alisema. "Na yeye habishi."

"Na bwana yako?" Mama Berthe aliuliza.

"Anakuya ku nyumba kila jioni, mama. Ananuka mazuti, anacheza na Husna na Yunus sawa mutoto. Nyumba yetu ya kule ilikuwa ya bati tupu. Amejenga klostra kwa mikono yake, na wavu. Bajirani banakuya kuuliza ni kitu gani hii."

"Na Yunus anamwita nani?"

Yunus alijibu mwenyewe kutoka chini ya meza. "Baba."

Walikunywa chai. Walicheka. Basi la kurudi Kolwezi lilikuwa halingoji mtu, na Mayimuna alianza kutafuta mfuko wake, akainuka, akakaa, akainuka tena. Mama Berthe alimfuata hadi getini kwa fimbo yake, hatua moja, pumzi moja, akamshika mkono na hakuuachia.

"Mayimuna, ukuye tena kunitembelea," alisema. "Lakini usikuye hivi, mufuko mu mukono, macho ku basi. Ukuye ulale."